Ukipewa Jembe Siku ya Kwanza

 

Kuna lalamiko moja ambalo vijana wetu wananiletea, na limerudi mara nyingi hadi nimeona bora nilijibu hapa hapa hewani. Kijana anakaa na simu yake usiku, anaandika makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, anajiona ameitendea nchi yake jambo jema, analala. Asubuhi anafungua ukurasa, hakuna kitu. Kimefutwa, au kimerudishwa kilivyokuwa jana. Anakuja amenuna: "Mzee, hawa watu hawawataki Warundi."

Mimi namwambia tulia kwanza, nionyeshe ulichoandika.

Mmoja wao ni mwanafunzi wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Aliandika kuhusu jiwe la Mugere. Mnalijua lile jiwe kubwa kusini mwa mji, ukishika barabara ya Rumonge, limechongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25-XI-1871. Jumapili watu huenda kupiga picha pale. Kijana aliandika kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone kwa mara ya kwanza, na kwamba watu wa Ujiji wametuibia historia yetu. Hiyo sentensi ya pili aliiandika kwa uchungu, mtu unauona.

Sasa tuseme kweli. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, Novemba 1871. Kisha wote wawili wakapanda mtumbwi wakaelekea kaskazini mwa ziwa, maana huko Ulaya wanajiografia walikuwa wakibishana juu ya mto Rusizi: unaingia Tanganyika, au unatoka? Kama unatoka, basi huenda ziwa letu ni sehemu ya chanzo cha Naili. Njiani wakalala Mugere, ndiyo tarehe ile iliyoko kwenye jiwe. Wakafika Rusizi, wakaona kwa macho yao maji yanaingia ziwani. Stanley mwenyewe ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha 1872 kuhusu safari hiyo.

Kwa hiyo aliyefuta hakuwa na ugomvi na Burundi. Tena hakufuta kimya kimya. Kwenye historia ya ukurasa aliacha neno: "haina chanzo." Kijana aliyasoma hayo kama tusi. Mimi nayasoma kama swali, na swali hilo lina jibu, na jibu lake ni tamu kuliko alichoandika yeye. Kukutana kwa wazungu wawili tumekusikia mpaka tumechoka. Lakini kwamba ubishi wa Ulaya kuhusu Naili ulikuja kutazamwa hapa, mdomoni mwa Rusizi, pale ambapo leo tunakwenda kutazama viboko, hilo wangapi wanalijua?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wikipedia wanakupa jembe siku ya kwanza, tena kabla hujasalimia. Bofya "Hariri" na shamba ni lako. Hakuna mtihani, hakuna cheti, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Wengi hapo ndipo wanapodanganyika. Wanadhani mahali pasipo mlinzi mlangoni hapana wenyewe ndani. Wenyewe wapo, na kila unachogusa wanakiona. Kuna ukurasa unaitwa "Mabadiliko ya karibuni," humo kila herufi iliyoongezwa au kutolewa inaorodheshwa pamoja na saa na jina la aliyefanya. Kila makala ina historia yake, matoleo yote ya zamani yamehifadhiwa, na kurudisha toleo la jana ni kazi ya sekunde chache. Halafu kila makala ina ukurasa pacha uitwao "Majadiliano." Huko ndiko watu wanakozozana, wanakoelewana, wanakotia sahihi kwa alama nne za kiwimbi ili ijulikane nani kasema nini. Ajabu ni kwamba wanaolalamika kwangu karibu wote hawajawahi kufungua Majadiliano hata siku moja. Wamekuja kwa mzee wa redio, hawakwenda kwa aliyefuta.

Wikipedia ilianzishwa Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger, kwa Kiingereza. Ya Kiswahili ilianza 2003, na sasa ina makala zaidi ya 80,000. Ya Kirundi nayo ipo, lakini ni ndogo sana, tutairudia. Wanaotunza ya Kiswahili, wale wenye mamlaka ya kufuta ukurasa na kumzuia mharibifu, wanaitwa wakabidhi, na ni wachache, watu wanaojitolea baada ya kazi zao za mchana. Wakati mwingine mtu wa namna hiyo huwa mkavu. Anakutana na makala za matangazo, matusi, wasifu wa wasanii waliorekodi wimbo mmoja, anafyeka. Na katika kufyeka, la mgeni mwenye nia njema nalo linakwenda. Hilo ni kosa, na wao wenyewe wanalijua: wana mwongozo wa siku nyingi unaowaambia wasiwang'ate wageni, na mwingine unaowataka waamini kwanza kwamba aliyekosea hakukusudia. Nimeona wakabidhi wanaoufuata mwongozo huo na nimeona wanaousahau.

Sasa, desturi zenyewe. Sitazitaja zote, nyingine zinajieleza. Usinakili gazeti au tovuti ya mtu ukabandika, hata kama umeitaja, maana maandishi ya Wikipedia yako chini ya leseni huru: mtu yeyote anaweza kuyachukua, kuyachapisha, hata kuyauza, ilimradi ataje yalikotoka na aruhusu wengine kufanya hivyo hivyo. Wewe huwezi kutoa ruhusa hiyo kwa mali ya mwenzio. Usiandike makala kuhusu nafsi yako, wala duka lako, wala mjomba wako anayegombea. Andika Kiswahili ambacho msomaji wa Mombasa na wa Bukavu wote wataelewa. Cha barabarani kwetu Buyenzi nakipenda, ndicho nilichokulia, lakini kwenye makala kiache kidogo mlangoni.

Nizungumzie mbili ambazo zinawaumiza watu wetu kweli.

Ya kwanza ni kutoegemea upande. Chukua jambo dogo kabisa, samaki. Mtu wa hapa akiandika kuhusu mukeke, sentensi yake ya kwanza itakuwa kwamba mukeke ni samaki mtamu kuliko samaki wote duniani. Mimi nakubali. Nyinyi mnakubali. Nani hapa Bujumbura atabisha mbele ya mukeke wa kuchoma na ndizi? Lakini mtu wa Kisumu ana ngege wake, na wa Zanzibar ana changu wake, na kamusi elezo ni ya wote hao. Basi utamu ule unatoka, na kinachobaki ni kwamba mukeke, ambaye wanasayansi wanamwita Lates stappersii, hapatikani popote ila Ziwa Tanganyika, kwamba anavuliwa usiku kwa taa, kwamba anakula ndagala. Tazameni kilichotokea. Sentensi ya sifa imeondoka, na samaki amepata sifa kubwa zaidi: hapatikani popote duniani isipokuwa kwetu.

Kwa samaki ni rahisi. Kwa mwanamfalme Louis Rwagasore si rahisi. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi Septemba 1961, na tarehe 13 Oktoba mwaka ule ule akapigwa risasi katika Hoteli Tanganyika, hapa hapa mjini, wakati huo ukiitwa Usumbura. Aliyefyatua ni Mgiriki, Jean Kageorgis, akauawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Hayo yote hayana ubishi. Lakini nani alikuwa nyuma yake? Hapo kila nyumba ina jibu lake. Kuna waliohukumiwa, wapinzani wa kisiasa wa Rwagasore. Kuna mtafiti Mbelgiji, Ludo De Witte, aliyechapisha kitabu kizima mwaka 2021 kuhusu mkono wa Wabelgiji. Mgeni wa Wikipedia anataka kuandika "Wabelgiji walimuua," akifutiwa anasema Wikipedia inawalinda wakoloni. La hasha. Anaruhusiwa kabisa kuandika kwamba De Witte ametoa hoja hii na hii, katika kitabu hiki, ukurasa huu. Msomaji atajua nani kasema, atajipimia mwenyewe. Sisi watu wa baraza tumezoea kutoa hukumu kabla kahawa haijapoa, kwa hiyo desturi hii inatukera. Mimi naiona ndiyo desturi bora kuliko zote walizonazo, na ningependa ihamie na kwenye siasa zetu.

Ya pili ni chanzo. Hapa ndipo penye uchungu, na hapa siwezi kuwatetea wakabidhi moja kwa moja.

Sheria inasema kila jambo linaloweza kubishiwa liwe na chanzo kilichochapishwa, ambacho mtu mwingine anaweza kukitafuta akakisoma. Si lazima kiwe cha Kiswahili, na hili wengi hawalijui. Makala ya Kiswahili inaweza kutegemea kitabu cha Kifaransa bila shida, kwa hiyo gazeti la Le Renouveau la siku nyingi, au Iwacu, au kitabu cha mwanahistoria wetu Émile Mworoha cha 1987 kuhusu historia ya Burundi, vyote vinafaa. Unataka kuandika juu ya moto ulioteketeza soko kuu la Bujumbura tarehe 27 Januari 2013? Magazeti yaliandika, tanbihi utazipata. Unataka kuandika juu ya ngoma zetu za kifalme? UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, hati zipo.

Lakini sasa unataka kuandika juu ya Buyenzi. Nani alijenga msikiti upi, familia ipi ilitoka Ujiji na ipi ilitoka Maniema, taarab ilipigwa nyumba gani, mabibi walivaaje sikukuu, nani alikuwa fundi wa kwanza kufungua gereji. Mambo hayo yako vichwani mwa wazee wanaokaa barazani jioni. Ukimwuliza bibi yako atakueleza mpaka adhana ya isha. Halafu unaandika, na chini ya ukurasa, mahali pa tanbihi, unaandika "bibi yangu." Unafutiwa.

Hapo kijana anayo haki ya kukasirika. Sheria ya chanzo ilitungwa na watu ambao babu zao walikwisha kuandikwa zamani. Kwao mtaa wowote una kitabu, una kumbukumbu za kanisa, una magazeti ya miaka mia. Kwetu aliyekuwa akiandika ni mkoloni, na alikuwa akiandika kodi. Mwaka 2011 mwandishi wa India, Achal Prabhala, alilipeleka suala hili mbele: akarekodi watu India na Afrika Kusini wakieleza michezo na mapishi ya kwao, akataka sauti hizo zikubaliwe kama tanbihi. Alitengeneza na filamu. Wapo waliomwunga mkono, wapo waliokataa, na hadi leo maneno ya mdomo peke yake hayajawa chanzo cha kawaida.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema basi tuwaachie wenyewe. Kwa nini? Kwa sababu Burundi hii hii imewahi kuonyesha njia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mbelgiji mmoja, Jan Vansina, alizunguka milimani akiwasikiliza wazee wakisimulia habari za wafalme, akizirekodi na kuzilinganisha moja na nyingine. Mwaka 1972 akachapisha kitabu juu ya masimulizi ya mdomo ya Burundi. Maneno ya wazee wale hayakubadilika yalipotoka kinywani yakaingia kitabuni, na leo profesa yeyote wa Ulaya akiyataja hakuna anayemwambia "haina chanzo." Tena Vansina hakuyameza mazima, aliyahoji, maana mzee naye ana upande. Habari za Rumaliza, yule mfanyabiashara wa Ujiji aliyetaka kuingia Burundi kwa nguvu, akazuiwa na Mwami Mwezi Gisabo, ukizisikiliza kwa mzee wa Muramvya na ukazisikiliza kwa mzee mwenye asili ya Ujiji, utadhani ni vita viwili tofauti.

Kwa maoni yangu, basi, kazi yetu inaanza hatua moja kabla ya Wikipedia. Bibi arekodiwe, maneno yake yachapwe, yatolewe gazetini, au katika jarida la chuo, au katika kitabu kilichopita mikono ya mhariri. Kisha ndipo uje na tanbihi yako. Wikipedia ni mlango wa mwisho, wenzetu wanaufanya wa kwanza. Na kabla hujauliza: mazungumzo haya ya kwangu usiyataje kama chanzo. Haya ni maoni, na mzee wa redio naye ana upande.

Pengine unajiuliza ukali huu wote wa nini. Mwaka 2005 huko Marekani mtu mmoja, kwa mzaha, aliingiza kwenye Wikipedia ya Kiingereza habari kwamba mwandishi wa habari mstaafu, John Seigenthaler, alishukiwa katika mauaji ya Rais Kennedy na ya ndugu yake, Robert. Ilikuwa uongo mtupu. Ilikaa zaidi ya miezi minne bila mtu kuigusa. Mzee wa watu, aliyewahi kufanya kazi na huyo Robert Kennedy, akaisoma kuhusu nafsi yake. Tangu hapo wasio na akaunti walizuiwa kuanzisha makala mpya kwenye toleo la Kiingereza, na macho yakawa makali zaidi kwa kila jambo linalomhusu mtu aliye hai. Fikiria uongo wa namna hiyo katika nchi yetu, kwa historia tuliyonayo, juu ya jina la mtu wa mtaani kwako.

Kuna kikwazo kingine ambacho si cha desturi bali cha mitambo, na kinawapata Waafrika wengi. Kampuni za simu huwagawia wateja maelfu anwani chache za intaneti. Mharibifu mmoja akifanya fujo, anwani inafungiwa, na wewe usiyemjua unakuta umezuiwa hata kabla hujaandika neno. Usidhani umehukumiwa wewe. Fungua akaunti, ingia kwa jina lako la mtumiaji, na kama bado unazuiwa, omba ufunguliwe, utaratibu upo.

Na wingi peke yake hausaidii. Mwishoni mwa 2009 Google waliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania, na zawadi zikatolewa 2010. Makala zilimiminika kwa mamia. Zawadi zilipokwisha, waandishi nao karibu wote wakaondoka, na wachache waliobaki wakaachiwa kusafisha: tafsiri za kukwaruza, kurasa zisizo na viungo, tanbihi hakuna. Balaa kubwa zaidi lilionekana 2020 kwenye Wikipedia ya Kiskoti. Kijana wa Marekani, asiyeijua lugha hiyo, alikuwa ameandika makala zaidi ya 20,000, akichukua Kiingereza na kukibandika maneno ya Kiskoti kutoka kamusini. Alianza akiwa mtoto, hakuwa na nia mbaya. Kosa ni kwamba wenye lugha hawakuwapo kumwambia.

Hilo ndilo linalonifanya nirudi kwenye Wikipedia ya Kirundi. Lugha inayozungumzwa na nchi nzima, na kurasa zake ni chache hivyo. Ikiwa sisi hatuji, mashine ya kutafsiri itakuja, na mtoto wa Gitega atajifunza kuhusu Gitega kwa Kirundi ambacho mama yake hakijui. Wanaosema Wikipedia ni ya wazungu wangeangalia kwanza nani alikuwa hayupo.

Kwa hiyo wewe kijana, anza padogo. Usianze na historia ya taifa. Tafuta makala yenye lile tangazo kwamba "bado ni mbegu," rekebisha tahajia, sahihisha jina la mtaa, ongeza sentensi moja yenye tanbihi, eleza kwa ufupi ulichobadilisha, na ukipingwa nenda Majadiliano ukiwa na kitabu mkononi.

Na wewe mwalimu wa Kiswahili au wa historia unayenisikiliza, pale Chuo Kikuu cha Burundi au shule yoyote ya sekondari: insha za wanafunzi wako kuhusu wazee wa Buyenzi na Bwiza usizifungie kabatini. Chagua zilizo bora, zihakiki, zihariri, mwombe mhariri wa gazeti au jarida azichapishe, na nakala ipelekwe maktaba. Fanyeni mwaka huu, wazee wale wangali barazani.